Neno Farasi na Mbio za Wanagenzi

Saa kumi na dakika kumi alfajiri, Ijumaa moja ya majira ya baridi, nilikuta joto kwenye mguu wa mbele wa kushoto wa farasi aliyeitwa Rakan. Halikuwa joto la kumshtua mtu. Lilikuwa kama la kikombe ambacho chai imekwisha kunywewa. Lakini jana yake halikuwapo, na mguu wa kulia ulikuwa baridi kama chuma cha lango.

Ninyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za kazi ya farasi kule Ghuba, huwa mnaanza na mshahara. Mimi nitaanza na mguu. Saisi, yaani mtunza farasi, hulipwa kwa ajili ya miguu minne. Mengine yote, kuzoa mavi, kubeba majani makavu, kupiga brashi, hata mtu aliyeshuka ndege jana anaweza kuyafanya.

Mguu hushikwa hivi. Unauendea asubuhi kabla farasi hajatoka kizimbani, kabla hujaumwagia maji, na kabla hujashika kikombe cha chai, maana mkono uliopata moto husema uongo. Unatumia mgongo wa mkono, si kiganja. Unashuka taratibu nyuma ya muundi, mahali inapopita kano, kisha unakwenda mguu wa pili palepale. Usiulize kama mguu una joto. Uliza kama una joto kuliko mwenzake. Anza na mguu uleule kila siku, ufuate mpangilio uleule, hata ukiwa na homa, hata kama umeachwa na mke. Siku utakayobadilisha mpangilio ndiyo siku utakayosahau mguu mmoja.

Aliyenifundisha alikuwa Msudani, mkuu wetu wa mabanda, tukimwita ammi Bashir, ammi kwao ikiwa ni baba mdogo. Wiki ya kwanza alinifunga macho kwa kitambaa akanizungusha vizimba kumi na viwili nimtajie farasi kwa kushika miguu tu. Nilikosea saba. Alinitazama akasema, "Yusuf, wewe ungekuwa kinyozi ungekata sikio." Kitambulisho changu kilisema Joseph, lakini pale niliitwa Yusuf hadi siku nilipoondoka.

Shamba letu lilikuwa nje ya Doha, upande wa machweo, kwenye ardhi ya mchanga mgumu na chumvi. Nilifika katikati ya miaka ya elfu mbili, jiji likiwa limechimbwa kila upande. Farasi walikuwa na viyoyozi vilivyofanya kazi mchana na usiku. Cha chumba chetu kilifanya kazi kilipotaka. Mwenzangu wa chumbani alikuwa Wafula, kijana wa Bungoma, mwembamba, aliyeajiriwa kupanda farasi wa mazoezi. Julai moja joto lilipomzidi aliniambia, "Baba Neema, niulizie kwa ammi kama kizimba cha saba kiko wazi. Mwambie mimi hata mavi nitajizolea."

Nataka mwelewe jambo moja kuhusu lugha, kwa sababu ndilo lililotuponza. Mswahili akifika Ghuba, hukuta nusu ya kazi imekwisha kusemwa kwa maneno yake. Saisi wao wanamwita sayis. Lijamu ni lijam. Dawa ni dawa, sabuni ni sabun. Wenzetu Wanepali walihangaika miezi na maneno ambayo mimi nilishuka nayo kwenye ndege. Nikajiona mjuzi. Na farasi, nikasikia wakisema faras. Niliposikia pia neno hisan, nikaliweka kichwani kama mtu anavyojua kwamba gari pia huitwa motokaa. Sikuuliza zaidi. Kazini nilitumia majina ya farasi, na neno faras nililitumia kwenye soga tu, kwa hiyo hakuna aliyenisahihisha.

Sasa niwaeleze mbio zenyewe. Kule hukimbizwa farasi kwenye uwanda tambarare, au hurushwa vizuizi mmoja mmoja mbele ya waamuzi. Mbio za viunzi, ambapo farasi wote hukimbia pamoja huku wakiruka, hatukuwa tumeziona. Lakini mwenye shamba letu, mtu mpole aliyeitwa Abu Fahad, alirudi kutoka safari ya Ulaya akiwa amezishuhudia na hakuweza kuzungumza jambo jingine. Akakubaliana na majirani zake watatu wafanye za kwao, bila tiketi wala kikombe, kwa farasi wachanga wasiowahi kushinda chochote. Ammi Bashir aliziita mbio za wanagenzi. Viunzi sita vilitengenezwa kwa matawi ya mitende yaliyofungwa kwa waya, kiasi cha kufika kiunoni mwangu, yamelegezwa juu ili farasi akigusa yapinde.

Wenzake Abu Fahad waliona ni mchezo. Sisi hatukuweza. Mkufunzi wetu, Khalil, mtu wa Sham, yaani Syria, alikuwa ametuambia wazi: shamba lilikuwa na farasi wengi kuliko vizimba. Wawili ambao hawajawahi kushinda wangeingizwa kwenye mbio hizo. Atakayeonyesha kwamba anafaa kuruka angebaki na kufundishwa kazi hiyo. Asiyeonyesha angeuzwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Wawili hao walikuwa Rakan na Nasma. Rakan alikuwa maksai, dume aliyehasiwa, mkubwa, mwenye nguvu, na Abu Fahad alimpenda kwa sababu alizaliwa palepale shambani. Huyo angebaki hata akikimbia kinyumenyume. Aliyekuwa mashakani hasa ni Nasma.

Nasma alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, mdogo, asiye na kasi. Alikuwa amekimbia uwandani mara nne na mara zote alirudi kama mtu aliyetoka kutembea. Lakini nilikuwa nimemwona akiruka bila kuambiwa. Mpira wa maji ulikuwa umelala njiani, wenzake wakaukanyaga, yeye akauruka kwa adabu, magoti ameyakunja hadi karibu na kidevu, na akatua bila kishindo. Kuanzia siku hiyo mimi na Wafula tulimwekea mabomba ya plastiki juu ya ndoo, kila jioni baada ya kazi, kwa ruhusa ya ammi. Kila alipovuka, alinigeukia na kunipulizia pumzi shingoni. Nimeoa, nimelea watoto watatu, nimezika wazazi. Sijui pumzi nyingine ninayoikumbuka hivyo.

Jioni ya kuamkia Ijumaa hiyo tulikaa nje ya chumba tukiwapima farasi waliotarajiwa kukimbia. Kamari hairuhusiwi, na ammi Bashir asingetuvumilia, kwa hiyo Wafula alipendekeza kwamba atakayekosea mshindi atazoa mavi ya vizimba vya mwenzake siku nzima.

"Anza na yule mweupe wa jirani," alisema.

"Mweupe ameshawahi kufundishwa kuruka juu. Ataruka kiunzi cha kiunoni kana kwamba ni ukuta. Kila kiunzi atakaa hewani huku wenzake wako chini wanakimbia. Wa pili au wa tatu."

"Na yule mwekundu?"

"Huyo hapiti kitu kipya bila kukikagua. Kiunzi cha kwanza atafuata wenzake. Cha pili atasimama aulize bei."

Wafula alicheka. "Bado wale ndugu wawili."

Wale walikuwa farasi wa shamba moja, waliolelewa pamoja, wasiokubali kutengana hata kwa kula. Nikamwambia mmoja ana akili na mwingine ana miguu. Ikiwa mwenye akili ataongoza, wote wawili watafika. Mwenye miguu akiongoza, tutawatafuta barabarani.

"Na Rakan?"

"Ana nguvu, lakini anavuta lijamu na anaruka kwa kifua. Ataangusha viunzi viwili na bado awe karibu."

"Basi sema unachotaka kusema, Baba Neema."

"Nasma," nikasema. "Haongezi kasi, lakini hapotezi. Wenzake wote watapoteza hatua mbili tatu kila kiunzi. Viunzi ni sita."

"Mimi ndiye nitakayempanda, nami nasema mweupe," alisema Wafula. "Si kwamba simwamini. Nataka tu wewe uzoe mavi yangu, au mimi nishinde mbio. Yote mawili nayataka."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa niliposhika ule mguu alfajiri. Ammi Bashir alikuwa amelala kwa jirani kusimamia viunzi. Nilimpigia Khalil, simu nimeibana kwa bega, mkono bado uko kwenye kano ya Rakan. Nikamwambia kwa Kiarabu changu kwamba faras ana joto mguuni, hawezi kukimbia.

"Faras?" akauliza.

"Naam. Faras."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimemshika sasa hivi."

Akasema ni bahati mbaya, akaniambia niende nyumba kuu nikachukue barafu na nisimamie mpaka daktari aje mchana. Nikaridhika. Nilikuwa nimeripoti kwa lugha yake, bila kumtafuta mtu wa kunitafsiria.

Mpishi wa nyumba kuu aliamka kwa kuchelewa. Niliporudi na ndoo ya barafu, kulikuwa kumeanza kupambazuka, na lori lilikuwa limeondoka. Kizimba cha Rakan kilikuwa wazi. Nasma alikuwa ametoa kichwa juu ya mlango wake, na chini yake Wafula alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amevaa suruali yake nyeupe ya mbio.

"Mbona uko hapa?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi tena? Khalil amekuja, amempakia Rakan na mpandaji wake, akasema jike ana mguu mbaya, umemwambia wewe mwenyewe. Mimi nimebaki na suruali."

"Nani amesema jike?"

"Yeye. Faras, faras, faras."

Nilisimama na ile ndoo. Halafu Mnepali aliyekuwa akifagia, mtu mkimya aliyekaa pale miaka sita, akasema bila kuinua kichwa, "Faras, mama. Hisan, baba." Akaendelea kufagia.

Tulimpigia Khalil mara nyingi. Simu iliita bila kupokelewa. Ammi hakuwa na simu. Shamba la jirani lilikuwa ng'ambo ya uwanda wa chumvi, kilomita nne hivi, na mbio zilikuwa zianze saa moja, kabla jua halijakaza. Gari halikuwapo. Kulikuwa na baiskeli ya mpishi, na kulikuwa na Nasma.

Wafula tayari alikuwa ameleta tandiko. "Tumpeleke," alisema. "Tutatoa habari ya Rakan, na huyu akiwa pale watamrudisha mbioni. Taratibu, asichoke."

"Kwa mwendo wa taratibu utafika wameshapanga mstari."

"Na nikimwachia akimbie, atafika hana pumzi. Atashindana na nini?"

Nawaambia hivi kwa sababu mtaulizwa swali la namna hii siku moja, na hakutakuwa na mtu wa kumpigia simu. Kano iliyo na joto ikikimbizwa na kuruka, inaweza kukatika. Farasi aliyekatika kano kwenye mchanga harudi nyumbani. Rakan sikumpenda kama nilivyompenda Nasma. Lakini mguu ule nilikuwa nimeushika mimi.

"Mwachie," nikasema.

Wafula akapanda. Nasma alitoka langoni kwa mwendo wa kawaida, na alipoona uwanda uko wazi mbele yake alinyoosha shingo. Mimi nilifuata kwa baiskeli. Magurudumu yalizama kila baada ya hatua chache, nikawa nasukuma zaidi ya kupanda, huku nikiona vumbi lake likizidi kuwa dogo.

Nilipofika, hawakuwa wameanza. Wafula aliwakuta wakimtia Rakan tandiko, akaruka chini akashika lijamu lake. Khalil alikuwa amekasirika, kwa haki. Alikuwa amekwisha kuondoa bendeji za safari, zile nene ambazo farasi hufungwa miguu yote akipakiwa lorini, na miguu yote minne ilikuwa na joto sawasawa. Bendeji ndivyo zinavyofanya. Alimwambia Wafula, "Shika mwenyewe. Uko wapi huo mguu mbaya?"

Ammi Bashir ndiye aliyeamua. Aliomba robo saa. Mguu mzima ukiachwa wazi utapoa, alisema, na wenye kasoro utabaki. Abu Fahad akamwomba mwenyeji asubiri, na wageni wakanywa kahawa. Wote walitazama miguu ya Rakan. Mimi nilitazama mbavu za Nasma. Zilikuwa zinapanda na kushuka, jasho limemfanya kuwa karibu mweusi, na mianya ya pua imefunguka hadi ndani kuonekana nyekundu. Nilihesabu pumzi zake nikiomba zipungue. Zilipungua, lakini hazikupungua vya kutosha.

Robo saa ilipokwisha, ammi aliinama akashika mguu mmoja baada ya mwingine, macho ameyafumba. Alipofika wa mbele kushoto alibaki hapo. Akamwita Khalil, akauweka mkono wa Khalil juu ya mguu ule.

Khalil alisimama taratibu, akanigeukia. "Ulisema faras."

"Ndiyo, bwana. Kwetu farasi ni huyu na yule na wote."

"Kwenu. Hapa faras ni jike. Huyu ni hisan." Alionyesha kwa kidole mahali pa kuhakikisha, na wageni wakacheka.

"Mwaka mzima namsikia anasema faras, faras," alisema ammi Bashir. "Nikadhani ni mtu wa kuwaheshimu wanawake."

Hata Abu Fahad alicheka, na akanishukuru kwa ajili ya Rakan. Kisha Khalil akamwendea Nasma, akamtia mkono kifuani, akasikiliza. Wafula alikuwa bado amevaa kofia yake ngumu, mikanda imefungwa.

"Huyu ameshakimbia mbio zake za leo," Khalil alisema. "Mrudishe kivulini."

Kwa hiyo walianza wanne. Mwekundu alisimama kwenye kiunzi cha pili akakikagua, akakataa, akarudi. Wale ndugu waliongozwa na mwenye akili hadi kiunzi cha nne, kisha mwenye miguu akachukua uongozi na wote wawili wakaelekea kwenye mabanda ya ngamia. Mweupe alikaa hewani kama nilivyosema, akatua, akakaa hewani tena, na akashinda kwa sababu hakubaki mtu wa kushindana naye. Wanaume wa pale waliona mbio nzuri. Mimi niliona nafasi kubwa iliyokuwa wazi nyuma ya mweupe katika kila kiunzi, na nilijua ni nani angejaza nafasi hiyo.

Wageni walipoingia barazani kula kifungua kinywa, ammi Bashir alikuja kivulini tulipokuwa tukimtembeza Nasma. Alimgusa shingo, ilikuwa imekauka. Akautazama uwanja uliobaki mtupu.

"Wafula," akasema, "viunzi bado vimesimama. Usimlazimishe. Muulize tu kama anataka."

Alitaka. Nasma aliviendea viunzi vile kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwao. Cha kwanza, cha pili, magoti kidevuni, matawi hayakutikisika. Hakukuwa na sauti ila kwato na Wafula akimsemesha Kibukusu. Alipovuka cha sita alipunguza mwendo mwenyewe, akageuka, akaja moja kwa moja hadi niliposimama. Waliomwona ni watu wawili, mimi na ammi Bashir.

Nilimweleza Khalil. Alinisikiliza vizuri. Akasema farasi anayeruka peke yake hurukia furaha yake, na mbio ni jambo jingine. Na ni kweli, vijana, nimeishi kazini miaka mingi baada ya hapo na sijapata jibu la kumpinga.

Siku hizi naambiwa mambo ni rahisi. Kuna vifaa vinavyoonyesha joto la mguu kwa rangi, na saisi hutuma picha kwa simu, namba ya kizimba ikiwa ukutani. Ni vizuri. Hata hivyo chukueni kanuni yangu: taja jina la farasi, namba ya kizimba, na mguu upi, kisha mwambie anayekusikiliza arudie. Neno linalofanana na la kwenu lipeleleze mara mbili kuliko neno geni.

Hapa Molo nina ng'ombe wawili. Mke wangu anasema wamechoka kushikwa miguu alfajiri. Nilikaa Doha hadi treni ya mjini ilipoanza, Ijumaa zangu nikienda kanisani Mesaimeer na kupitia Al Mansoura kunyoa, na farasi wengine wazuri walipita mikononi mwangu. Rakan alipona, akaishi, akanenepa. Lakini mgongo wa mkono huu ukinigutusha usingizini, unatafuta mguu mwembamba wa kahawia, na haukuti kitu.

Jumamosi ile mnunuzi alikuja na lori dogo lisilo na kivuli. Nilimpandisha Nasma mwenyewe kwa sababu hakukubali mtu mwingine. Nilimuuliza Khalil bei, akanitajia bila kufikiri: riyali elfu tisa. Nikamvuta ammi Bashir pembeni.

"Ammi, saisi anaruhusiwa kununua farasi?"

"Anaruhusiwa. Kisha utamlaza wapi, Yusuf? Kitanda cha juu, au cha chini kwa Wafula?"

Nilicheka, kwa sababu yeye hakucheka. Mnunuzi hakusema anampeleka wapi, nami sikuwa mtu wa kumuuliza. Lori liliposhika barabara, Nasma alijaribu kugeuza kichwa, lakini kamba ilikuwa fupi. Mimi ndiye niliyeifunga, fupi kama inavyotakiwa, ili asiumie njiani.

Jioni nilishuka mjini kwenye mashine ya benki kutuma karo ya Neema, nikakuta mshahara umechelewa, nikaahirisha. Karatasi ilitoka ikiwa na akiba yangu yote, haikupungua hata moja: riyali elfu kumi na moja na mia nne.